Ole Evinrude, mtu aliyetupumzisha makasia



Nyuma ya nyumba yetu pana banda la makuti, na ndani yake kuna mashine ya boti iliyopachikwa juu ya farasi la mbao. Ni tu-stroki ya zamani, Yamaha ya nguvu za farasi 15, ile ambayo vijana wa gatini huiita fifitini. Aliinunua marehemu baba nikiwa bado mwanafunzi. Aliivulia, akaibebea mchanga na matofali, akaipelekea maharusi. Alipofariki ikawa mikononi mwangu, mimi ambaye riziki yangu ni ya kalamu na bahari naiendea siku za mapumziko tu.

Mwaka juzi, asubuhi moja, tulipata habari kwamba mjomba wetu wa Faza amefariki. Mazishi yalikuwa baada ya adhuhuri. Nilikimbia kununua petroli, nikajaza tangi, nikafunga bomba, nikavuta kamba. Mashine ikawaka mara ya pili, nikamshukuru Mungu, tukaondoka Lamu watu sita. Kwa haraka ile sikutia oili.

Wanaojua mashine hizi wameshashika kichwa. Tu-stroki haina hodhi lake la oili chini kama gari. Oili yake huchanganywa na petroli, na mchanganyiko huo ndio unaolainisha kila kitu ndani. Ukiipa petroli tupu, chuma kinasugua chuma. Tulipofika katikati ya mkondo wa Mkanda, sauti ilibadilika ikawa kali, kifuniko kikawa cha moto, kisha mashine ikakata ghafla. Nikivuta kamba, haisogei. Maji yalikuwa yanakupwa. Tulikuwa na kasia moja na pondo fupi. Tulipambana mpaka boti ikakaa kwenye tope, tukasubiri maji yajae tena. Tulipofika Faza kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji na watu wameshatawanyika. Mama, ambaye aliyezikwa ni ndugu yake wa tumbo moja, hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Fundi alipoifumua alinionyesha pistoni imechanika ubavuni kama iliyokwaruzwa kwa msumari, na ringi zimeganda. Nilimwambia nataka kuiuza kwa bei ya chuma chakavu, kwani imezeeka. Akanijibu kwa upole kwamba mashine ile haina ugonjwa wa uzee, na kwamba anazo nyingine kuukuu kuliko hiyo na zinakwenda baharini kila siku.

Wiki zile mashine ilipokuwa vipande vipande mezani kwake, nilikuwa nikienda jioni kukaa naye. Na kadiri nilivyoona vitu vyenyewe vilivyo vichache, ndivyo nilivyojiuliza ni nani aliyekaa akafikiri kwamba chombo kidogo kinaweza kuvalishwa mashine kwa nyuma, ikavuliwa na kubebwa begani. Jibu limenipeleka mbali, mpaka Norway na Marekani, kwa mtu aitwaye Ole Evinrude. Leo nataka niwasimulie maisha yake. Makampuni yana wasifu wake wa kuwasifia bidhaa, lakini mimi nimeyatazama kama mtu aliyekwama Mkanda.

Ole alizaliwa tarehe 19 Aprili 1877, karibu na mji wa Gjøvik, Norway. Jina la Evinrude halikuwa la ukoo kama tunavyoelewa sisi. Lilitokana na shamba la kwao, kwani ndivyo Wanorway wengi wa zamani walivyotambulishana, kwa mahali watokako, kama sisi tunavyosema fulani wa Matondoni na fulani wa Siyu. Alikuwa na umri wa miaka mitano hivi wazazi wake walipovuka bahari ya Atlantiki kwenda Marekani. Husimuliwa kwamba safarini mama yake alichoka kumtafuta, kwani kila akipotea alikuwa anakutwa kwenye chumba cha mashine za meli, ameduwaa anatazama vyuma vinavyozunguka.

Walitua jimbo la Wisconsin, wakalima karibu na kijiji cha Cambridge, kando ya ziwa liitwalo Ripley. Baba alikuwa mkulima na alitaka mwanawe awe mkulima. Lakini kwenye ukoo wao walikuwamo mabaharia, na wajomba walipokuja nyumbani walijaza masikio ya mtoto hadithi za bahari. Kijana akaanza kujiundia mashua kwa siri. Husimuliwa kwamba baba alipoigundua aliiharibu, na kijana akaanza upya kuunda ya pili. Hiyo ikaelea, na Ole akawa anawapakia watu waliokuja kupumzika ziwani kwa malipo madogo. Baba alipoona mashua inaleta pesa, moyo wake ulilainika. Wangapi miongoni mwetu tumeona kisa kama hicho, mzee hataki mwanawe awe baharia kwa sababu anaijua bahari, na mtoto haachi?

Shule aliisoma kidogo sana. Alipofika miaka 16 aliondoka nyumbani kwa miguu kwenda Madison, mji mkuu wa jimbo hilo, mwendo wa maili kama 20, kutafuta kazi kwenye viwanda vya mashine za kilimo. Mchana alifanya kazi, usiku alisoma vitabu vya hesabu na uhandisi peke yake chumbani. Baadaye alifanya kazi kwenye viwanda vya chuma vya Pittsburgh na Chicago, kisha akahamia Milwaukee, mji wa Wisconsin ulio kando ya ziwa Michigan, akawa fundi wa kuchonga mifano ya mbao ambayo kwayo vyuma humwagwa na kupata umbo. Vyeti hakuwa navyo, lakini alikuwa na mikono na macho.

Mwanzo wa karne ya 20 magari ya petroli yalikuwa yanaanza, na Ole aliona wazi kwamba injini ndogo ndiyo ya kesho. Akafungua karakana na mshirika, ikavunjika. Akafungua nyingine, nayo ikavunjika. Kila mara tatizo lilikuwa hilo hilo. Yeye alijua kuunda, hakujua kuuza wala kuweka hesabu, na hakuwa mwepesi wa kuchagua washirika. Wahenga wetu wamesema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Ole alikuwa mhunzi wa aina hiyo. Koleo lake lilivunjika mara kadhaa, naye akarudi kazini kwa mtu, akaweka akiba, akaanza tena.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye, kwa maoni yangu, jina lake lingestahili kuandikwa kwenye mashine pamoja na la Ole. Naye ni Bess Cary. Alikuwa msichana jirani, anasomea mambo ya biashara. Alianza kwa kumsaidia Ole kuandika barua, kisha akamshikia daftari za hesabu. Wakaoana mwaka 1906, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee, Ralph.

Kisa kinachojulikana sana juu ya wawili hawa kilitokea wakati wa kiangazi cha mwaka 1906. Walikwenda na marafiki kutembea kwenye ziwa Okauchee, nje ya Milwaukee, wakavuka kwa mashua mpaka kisiwani. Siku ilikuwa ya joto kali. Bess akatamani aisikrimu, na Ole, kwa kuwa alikuwa na jambo moyoni, akashika makasia akavuka ziwa mwendo wa maili mbili na nusu kwenda kuinunua. Aliporudi ilikuwa imeshayeyuka yote. Watu walicheka. Yeye aliyekuwa ametoka jasho hilo alibaki anafikiria makasia. Ukitaka, chukua kisa hiki kama kilivyo, au kama chumvi iliyotiwa na wauzaji. Lakini yeyote aliyewahi kupiga kasia dhidi ya mkondo, jua la saa saba likiwa utosini, anaelewa kwamba wazo kama lile halihitaji aisikrimu. Linahitaji mabega yanayouma tu.

Haki isemwe. Ole hakuwa wa kwanza kufikiria mashine ya kutundika nyuma ya mashua. Mmarekani mwingine, Cameron Waterman wa Michigan, alikuwa ameshaanza kuuza yake kabla. Alichofanya Ole ni kuipanga vizuri zaidi. Aliisimamisha injini juu, mhimili wake ukashuka wima hadi majini, na chini kabisa gia ikageuza mzunguko ule kwenda kwenye rafadha. Gurudumu la kuwashia likalala bapa juu kabisa, likiwa na kishikio cha kuzungushia kwa mkono. Itazame mashine yoyote ya boti iliyoko gatini leo, ya petroli tupu au ya mchanganyiko, ya Japani au ya China. Umbo ni hilo hilo.

Ya kwanza aliitengeneza kwa mkono, na alipomletea Bess aione, Bess alimwambia kwamba inafanana na chombo cha kusagia kahawa. Hakukata tamaa, na wala Bess hakukusudia kumvunja moyo. Mwaka 1909 mashine ilikuwa tayari. Ilikuwa ya silinda moja, tu-stroki, ya nguvu ya farasi mmoja na nusu, yenye uzani wa ratili 62, yaani kilo 28 hivi, na bei yake dola 62. Husimuliwa kwamba rafiki mmoja aliazima ya kwanza siku moja ya mapumziko, akaenda nayo ziwani, na aliporudi alileta oda 10, baadhi zikiwa na pesa mkononi. Ole akatengeneza nyingine 25.

Kwa nini tu-stroki? Nadhani hapa ndipo palipo siri ya mambo yote. Injini ya namna hii haina vali za kufungua na kufunga, haina mkanda wala mnyororo wa kuziendesha. Pistoni yenyewe ikipanda na kushuka hufunua matundu ubavuni mwa silinda, hewa na petroli vikaingia upande mmoja na moshi ukatoka upande wa pili. Kila mzunguko mmoja inawaka mara moja, wakati ile ya foo-stroki huwaka mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa hiyo unapata nguvu nyingi kwa uzito mdogo na vitu vichache vya kuharibika. Mtu mmoja anaweza kuibeba kutoka pwani hadi nyumbani. Na mtu mmoja, mwenye spana chache na akili iliyotulia, anaweza kuifungua akaona yote yaliyomo. Fundi wangu hakusoma chuo chochote. Aliisoma tu-stroki kwa kuifungua.

Bess ndiye aliyeipeleka mashine duniani. Yeye aliandika tangazo lililowaambia watu waache kupiga makasia, wayatupe kabisa, watumie mashine ya Evinrude. Barua zilimiminika mpaka wakashindwa kuzijibu. Yeye pia aliandikia makampuni ya kusafirisha bidhaa nje ya nchi, na mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Denmark aliyekuwa New York, Oluf Mikkelsen, akaelewa mara moja maana yake kwa wavuvi wa Skandinavia, akaanza kuagiza kwa wingi. Basi mashine ile, ambayo kisa chake huanza kwa aisikrimu na matembezi, ikaenda haraka kwa wenye kuihitaji hasa, watu wa ngalawa na nyavu, katika bahari ile ile aliyovuka Ole akiwa mtoto.

Hataza ya serikali aliipata mwaka 1911. Alimpata pia mshirika mwenye mtaji, Chris Meyer, mwenye kampuni ya tagi za bandarini, aliyeweka dola 5,000. Ole akashughulikia ufundi, Bess akashughulikia biashara, na kiwanda kikaota.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu ndilo linalomwonyesha mtu alivyo. Afya ya Bess iliharibika. Kazi ya ofisi, mtoto mdogo na usiku wa kuandika barua vilikuwa vimemmaliza. Ilipofika mwaka 1914 Ole alimuuzia Meyer nusu yake yote kwa dola 137,500. Sharti lilikuwa kwamba kwa miaka mitano asiguse tena biashara ya mashine za boti. Akaweka saini. Akamchukua mkewe na mwanawe wakaondoka, wakazunguka nchi kwa gari na kwa boti, mradi Bess apumzike. Alikuwa na umri wa miaka 37 tu, jina lake likiandikwa kwenye kila mashine itokayo kiwandani, na kiwanda si chake tena.

Wako watakaosema ni ujinga. Mimi nawaona wanaume wa pwani, nami nimo, ambao mke akiumwa humtafutia mtu wa kumpeleka hospitali kwa sababu wao wana shughuli. Yeye aliacha shughuli yenyewe. Na miaka mitano ile aliitimiza. Mkono wake haukuacha kuchora, lakini hakufungua duka la mlango wa nyuma wala hakuuza kwa jina la shemeji. Mkataba ni amana, na yeye hakuwa Mwislamu wa kukumbushwa hilo msikitini.

Bess alipopata nafuu, Ole alikuwa na mchoro mpya. Safari hii alitumia aluminiamu mahali pengi palipokuwa na chuma na shaba, akaweka silinda mbili badala ya moja. Ikawa na nguvu za farasi tatu, yaani mara mbili ya ile ya kwanza, na uzani wake ukashuka hadi kama kilo 22. Ingawa muda wa mkataba ulikuwa umekwisha, alimwendea kwanza Meyer akamwonyesha. Meyer akaikataa. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1920 yeye na Bess wakaanza kampuni nyingine. Jina lake mwenyewe hakuweza kulitumia kwa sababu alikuwa ameliuza, kwa hiyo wakaiita Elto, kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yaliyomaanisha mashine nyepesi ya Evinrude yenye silinda mbili. Bess akarudi kwenye daftari na matangazo. Elto ikashinda sokoni, ikishindana na jina lao wenyewe.

Mwaka 1929 mambo yakazunguka yakarudi nyumbani. Kampuni ya Elto, ile ya zamani ya Evinrude na nyingine iitwayo Lockwood ziliungana zikawa shirika moja, na Ole akawekwa rais wake. Jina lake likawa chini ya mkono wake tena. Mwaka huo huo uchumi wa Marekani ukaanguka, na ikawa miaka ya dhiki ambayo mtu hakununua mkate seuze mashine ya kutembelea ziwani. Shirika likabaki hai kwa kubana.

Bess alikuwa ameshaacha kazi mwaka 1928 kwa sababu ya afya. Alifariki mwezi wa Mei 1933. Ole naye, aliyekuwa hodari wa mwili na kazi, alififia baada ya hapo. Alifariki tarehe 12 Julai 1934, akiwa na umri wa miaka 57, mwaka mmoja na miezi miwili tu baada ya mkewe. Mtoto wao Ralph akashika uongozi, na mwaka 1936 shirika likaungana na washindani wao wakubwa, Johnson. Wazee wengi wa gatini wanayakumbuka majina hayo mawili, Evinrude na Johnson, kabla Wajapani hawajalichukua soko letu.

Na hapa sitaki nikufiche la pili. Tu-stroki ya zamani ina deni lake. Kwa kuwa tundu la kuingilia na la kutokea hufunguka karibu wakati mmoja, sehemu ya petroli hutoka na moshi bila kuungua, na huenda baharini. Ule utando wa rangi rangi unaouona juu ya maji gatini asubuhi una asili yake hapo. Ulaya na Marekani waliweka sheria kali, na foo-stroki zikachukua nafasi. Shirika la kina Evinrude lilifilisika mwaka 2000, likanunuliwa na Wakanada, na mwezi wa Mei 2020 ikatangazwa kwamba mashine za Evinrude hazitatengenezwa tena. Jina limekwisha sokoni. Umbo halikwisha, na mashine kuukuu bado ni maelfu kwa maelfu katika bahari za watu wa hali ya chini.

Nilipofika hapo katika kuyasoma maisha yake nikaelewa kwa nini fundi alikataa nisiiuze. Sisi huku tumerithi mashine za watu wa namna ya Ole bila kurithi tabia yao. Yeye alikuwa mtu aliyekaa na chuma mpaka akakielewa. Sisi tunataka chuma kituelewe sisi. Tunaiwasha ikiwaka, tunaitukana isipowaka, na ikifa tunasema ni ya zamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mashine ya boti ina nyufa ambazo zote huonekana mapema ukitazama.

Fundi alinifundisha nne, nami nawapa kama nilivyopokea. Ya kwanza ni oili. Kwa mashine kama yangu, kitabu chake kinataka sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili, na iwe oili ya tu-stroki ya boti. Ikiwa pistoni na ringi ni mpya, mwanzoni huongezwa maradufu mpaka zizoeane. Kila mashine ina kitabu chake, kifuate. Ya pili ni maji ya kupoza. Kile kijito kinachoruka nyuma mashine ikiwaka ndicho kinachokuambia impela ya mpira chini inavuta. Kikikatika, zima papo hapo, kabla ya kumaliza sentensi unayoongea. Ya tatu ni chumvi. Ukirudi, iendeshe kwenye pipa la maji matamu dakika kadhaa, kisha funga petroli uiache imalize iliyomo kwenye kabureta, ili isigande ikaziba matundu madogo. Ya nne ni oili ya gia kule chini. Ifungulie mara kwa mara uitazame. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia na sili inataka kubadilishwa, kazi ya pesa kidogo leo au gia nzima kesho.

Na juu ya hizo nne, usitoke bila makasia mawili. Aliyetuambia tuyatupe makasia, Mungu amlipe kwa nia yake, hakuwahi kupita Mkanda maji yakikupwa.

Silinda ya baba ilichongwa, ikapata pistoni mpya na ringi zake. Fundi hakunitoza kama mgeni. Mwanangu wa kiume ana miaka 13, na sasa kuchanganya ni kazi yake. Ana chupa ameitia alama kwa rangi kwenye mililita 400, na ubavuni mwa tangi ameandika kwa kalamu nzito tarehe ya kila mchanganyiko, ili mtu mwenye haraka asipate udhuru. Nikimtazama ameinama juu ya tangi, ulimi umemtoka pembeni kwa umakini, namkumbuka yule mtoto aliyekuwa akipotea kwenye meli na kukutwa chumba cha mashine.

Iddi iliyopita tulimchukua mama, tukaondoka alfajiri na maji yakijaa. Tulipita Mkanda bila kusimama, kijito kinaruka nyuma mfululizo. Tulifika Faza mapema, tukaenda makaburini, mama akakaa kwa kaka yake kiasi alichotaka, hakuna aliyemharakisha. Mwanangu alibaki gatini na mashine. Tuliporudi tulimkuta ameifunika kwa kanga yenye maji ili jua lisiipige.

Mungu awarehemu waliotutangulia. Tukutane wiki ijayo inshallah.